Baridi Haina Miguu

Pale Lipangalala, Ifakara, kwa Mama Hilari, siku ya samaki ilijulikana kabla hujafika mlangoni. Pua ndiyo ilikuwa inakuambia. Na mwezi ule wa tisa, pua ilikuwa inaleta habari mbaya tu.

Jina la Mama Hilari ni Fausta. Hilari ni mtoto wake wa kwanza, bado anabebwa mgongoni. Mume wake ni Vitus, mvuvi wa Mto Kilombero. Vitus huondoka asubuhi kwa baiskeli, hulala kambini kule mtoni, kisha hurudi kesho yake mchana na ndoo ya perege na kitoga. Fausta huwapokea samaki na kuwapeleka sokoni.

Ndani ya nyumba hiyo yupo pia mama yake Vitus, Bi Apolonia. Huyu ni mwanamke wa maneno. Maneno yake mengi ni ya kweli. Yale machache yasiyo ya kweli huyasema kwa sauti kubwa zaidi.

Siku moja ya Jumanne, jua likiwa kali, Vitus aliingia uani akiisukuma baiskeli. Fausta alifunua ndoo. Akaifunika tena haraka.

"Vipi?" aliuliza Vitus.

"Wananuka, Baba Hilari."

"Wote?"

"Perege wote. Kitoga nao nina mashaka nao."

Vitus alivua kofia, akajipepea. "Si ulinipa barafu?"

"Nilikupa. Chupa zilikuwa ngumu kama mawe."

"Basi nilipofika kambini yalikuwa maji. Nikayanywa."

Bi Apolonia alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Aliinua kichwa. "Uliifunika hiyo barafu?"

"Hapana, mama. Niliiacha wazi ipate upepo, kama ulivyosema."

"Vizuri. Basi upepo ulikuwa mdogo."

Msomaji, usicheke. Katika nyumba ile kila mtu alijua kwamba upepo unapoza. Ukitoka jasho, si unakaa mlangoni upigwe na upepo? Na kila mtu alijua kwamba blanketi linaleta joto. Kwa hiyo barafu ilipewa upepo na kunyimwa blanketi. Hesabu ilikuwa nzuri kabisa. Ni barafu tu iliyokataa.

Vitus alikaa kwenye kigoda. Hakula. Mwishowe alisema, "Rafiki yangu Beatus amenipigia simu. Kwenye mashamba ya miwa wanachukua watu wa kukata. Yeye anaondoka Jumatatu. Samaki wakioza tena, nakwenda naye."

"Mpaka lini?"

"Mpaka msimu uishe."

Fausta alikaza kanga iliyomfunga Hilari mgongoni. Aliwajua wanaume waliokwenda kukata miwa kwa msimu mmoja. Wengine walirudi. Wengine walituma salamu. Yeye hakutaka salamu, alimtaka mume wake. Hilari ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema "baba", na Fausta aliona uchungu kufikiri kwamba mtoto atalisema neno hilo na hakuna wa kuitika.

Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo. Kina mama walikusanyika kwenye ofisi ya mtaa, kila mmoja na mtoto wake. Nesi Rabia alikuwa mezani. Nesi huyu alikuwa pia jirani yake Fausta, nyumba ya tatu kutoka kwake. Pembeni mwake kulikuwa na deli dogo la buluu, lile kasha la kutunzia baridi.

Fausta alimtazama. Nesi alifungua deli, akatoa kichupa cha dawa, akafunga upesi. Akamchoma mtoto. Baada ya muda alifungua tena, akafunga upesi tena. Alikuwa kama mtu mwenye kuku wakorofi ndani ya banda.

Zamu ya Hilari ilipofika, Fausta alichungulia. Ndani kulikuwa na chupa bapa za maji yaliyoganda.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Mama Hilari. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nesi, samahani. Hiyo barafu umeiweka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na mpaka sasa bado ni barafu?"

"Bado. Gusa."

Fausta aligusa. Akashtuka. "Lakini mbona umeifungia? Haipati hata upepo!"

Nesi Rabia alicheka, lakini si kicheko cha dharau. "Unajua, wewe ni wa kwanza kuniuliza. Wengine wote wananiuliza tu kama sindano inauma." Alimchoma Hilari, Hilari akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Leo alasiri nitapita kwako. Niandalie barafu za mfuko mbili, zilingane. Na ungo, na mpunga kidogo. Na maji ya moto."

"Na chai?"

"Na chai. Ila majani usiyatie, nitatia mwenyewe."

Fausta alirudi nyumbani na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo. Ungo na barafu vinahusiana vipi?

Alasiri nesi Rabia alifika. Alimwamkia Bi Apolonia, akaulizwa habari za watoto na za kazi, naye akauliza za mguu uliokuwa unamsumbua bibi. Kisha akaomba barafu. Mfuko mmoja aliuweka kwenye sahani, dirishani, mahali penye upepo mwanana. Wa pili aliuviringisha ndani ya blanketi la Hilari, akauweka juu ya kiti.

Bi Apolonia aliacha kuchambua mchele. "Nesi! Unaifunika barafu blanketi? Unataka kuipika?"

"Unadhani ipi itakwisha kwanza, bibi?"

"Ya blanketi, hata kuuliza! Blanketi lina joto."

"Haya. Tusubiri. Hakuna kufunua."

Wakati wakisubiri, nesi alichukua glasi mbili. Moja aliitia maji ya mtungini. Nyingine aliitia maji ya moto. Akadondosha majani ya chai kidogo katika kila glasi, na hakukoroga.

Fausta aliinama kutazama. Katika maji ya moto, rangi ilianza kushuka na kutambaa. Ilisambaa kila upande kama moshi. Baada ya muda mfupi glasi yote ilikuwa nyekundu. Katika maji ya mtungini, majani yalielea tu, na rangi kidogo ilijikunyata karibu nayo.

"Nani amekoroga hii ya moto?" aliuliza nesi.

"Hakuna."

"Basi rangi imetembeaje?"

Fausta alifikiri. Chai alikuwa ameipika tangu utotoni, na swali hilo halijawahi kumjia. "Labda maji yenyewe yanatembea," alisema polepole.

"Umepata! Maji yametengenezwa na chembe ndogo sana. Ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Na chembe hizo hazitulii hata kidogo. Zinakwenda, zinagongana, zinasukumana. Katika maji ya moto zinakwenda kwa kasi, zina nguvu nyingi. Zimeigonga rangi na kuisukuma huku na huku. Katika maji ya baridi chembe zinakwenda pia, lakini polepole."

"Nani amewahi kuziona hizo chembe?" aliuliza Bi Apolonia.

"Kwa macho matupu, hakuna, bibi."

"Basi mimi nitaaminije?"

"Upepo umewahi kuuona?"

"Naona majani ya mgomba yakitikisika."

"Na hapa umeona rangi ikitembea."

Bi Apolonia aliivuta glasi karibu, akaikagua bila kubisha. Halikuwa jambo la kila siku.

"Bibi, naomba msaada wako," nesi aliendelea. "Wewe ndiye unayejua kupepeta hapa. Tia mpunga kwenye ungo. Utikise taratibu."

Bi Apolonia alipokea ungo. Hapo alikuwa kwenye fani yake. Alitikisa taratibu. Punje zilitetemeka, lakini kila moja ilikaa karibu na mahali pake.

"Hiyo ni barafu," alisema nesi. "Chembe zake zimeshikana. Zinatetemeka tu hapo hapo zilipo. Sasa ongeza."

Bi Apolonia aliongeza. Punje zilianza kuteleza na kupishana ndani ya ungo.

"Hayo ni maji. Chembe bado ziko pamoja, lakini zinapishana. Ongeza tena, kwa nguvu!"

Bi Apolonia alitikisa kwa nguvu zote. Punje ziliruka juu, nyingine zikatoka nje ya ungo. Kuku wakaja mbio.

"Na huo ni mvuke," nesi alisema akicheka. "Chembe zimepata nguvu mpaka zimeruka na kuondoka. Mpunga ni ule ule. Kilichobadilika ni nini?"

"Mkono wangu," alisema Bi Apolonia.

"Ndiyo hivyo. Joto ndiyo mkono unaotikisa. Joto likizidi, chembe zinakwenda kasi. Joto likipungua, zinapunguza mwendo."

Fausta alikuwa ametulia, anaokota punje na kuzirudisha. Kisha aliuliza lile lililokuwa linamsumbua. "Nesi, mimi nataka kujua baridi inatokaje kwenye ndoo ya Baba Hilari. Naiweka ndani asubuhi. Inatorokea wapi?"

Nesi Rabia aliweka kikombe chini. "Hapo ndipo Kiswahili chetu kinatuchezea kidogo. Tunasema baridi imeingia. Tunasema funga mlango, baridi isiingie. Lakini baridi haiingii, na baridi haitoki. Baridi haina miguu."

"Haina miguu?"

"Haina. Mwenye miguu ni joto. Hewa ya nje ina joto, chembe zake zinakimbia. Zinaigonga barafu. Chembe inayokimbia ikiigonga inayotetemeka, inaipa sehemu ya nguvu yake. Hii inaanza kwenda, ile inapungua mwendo. Zikigongwa sana, chembe za barafu zinaachiana. Barafu inakuwa maji. Hakuna kilichotoroka kwenye ndoo yako, Mama Hilari. Kuna kilichoingia."

"Joto limeingia," Fausta alisema.

"Ndiyo. Na ulivyoiacha wazi, upepo ulikuwa unaleta hewa yenye joto kila mara. Moja ikishatoa joto lake, nyingine inakuja."

"Lakini mimi upepo unanipoza!" Bi Apolonia hakukubali kushindwa upesi.

"Kwa sababu una jasho, bibi. Chembe za jasho zenye nguvu zaidi zinaruka na kuondoka, kama punje zilizokimbiliwa na kuku. Zinaondoka na joto lako. Upepo unazisaidia kwenda. Barafu haina jasho, na ni baridi kuliko upepo, kwa hiyo inapokea tu."

"Na blanketi je?"

"Blanketi halina joto lake mwenyewe. Halina moto ndani. Limejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia inachelewesha joto kupita. Ukijifunika, joto la mwili wako linachelewa kutoka. Ukiifunika barafu, joto la nje linachelewa kuingia. Kazi ni ile ile."

Bi Apolonia alisimama. "Maneno mazuri. Tufunue tuone."

Kwenye sahani dirishani, mfuko ulikuwa umelegea. Maji yalikuwa yamejaa ndani yake, na kipande cha barafu kidogo tu kilielea katikati. Bi Apolonia alifungua blanketi kwa tahadhari, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Barafu ilikuwa ngumu. Ilikuwa imelowesha kitambaa kidogo tu.

Aliibonyeza. Akaibonyeza tena. "Mwanangu," alimwambia Fausta, "kumbe miaka yote hii tumekuwa tukiwaozesha samaki wenyewe."

Fausta alihisi furaha na hasira kwa pamoja. "Nesi, na kuoza kwenyewe kunahusiana vipi na chembe?"

"Juu ya samaki na tumboni mwake kuna vijidudu. Ndivyo vinavyomwozesha. Kwenye joto, chembe zikikimbia, kazi ya vijidudu nayo inakwenda mbio. Kwenye baridi, kazi yao inazorota. Barafu haiviui, inavichelewesha. Wewe unahitaji vichelewe mpaka samaki afike sokoni na kwenye sufuria."

"Deli kama lako sina uwezo nalo. Na blanketi la Hilari siwezi kulipeleka mtoni."

"Si lazima blanketi. Tafuta kitu chepesi, kinachoshika hewa nyingi ndani yake."

"Pumba za mpunga!" alisema Bi Apolonia. "Kule mashineni kuna milima yake. Watu wanachomea matofali."

Nesi alikubali kwamba ni wazo zuri. Akaaga, maana kesho alikuwa anakwenda Kisawasawa kwa kazi ya chanjo, na angekaa huko siku kadhaa. Pale Ifakara, anayesema pumba anamaanisha yale maganda makavu yanayobaki mpunga ukishakobolewa. Fausta hakusubiri. Alichukua kiroba, akaenda mashineni.

Alhamisi asubuhi alimwandalia Vitus ndoo. Alitia pumba chini, akaweka chupa za barafu, akamwaga pumba juu mpaka ndoo ikajaa. Akamweleza Vitus habari ya chembe na habari ya miguu. Vitus alisikiliza huku akifunga kamba kwenye kariya ya baiskeli.

"Kwa hiyo joto ndilo lina miguu," alisema.

"Ndiyo."

"Sawa. Mimi pia ninayo." Akapanda baiskeli, akaenda.

Ijumaa mchana alirudi. Aliinamisha ndoo mbele ya Fausta. Barafu ilikuwa imeyeyuka, pumba zote zimelowa, na samaki walikuwa wamepakwa maganda kuanzia kichwani mpaka mkiani. Harufu ilikuwepo. Ilikuwa ndogo kuliko ya Jumanne, lakini mteja hanunui harufu ndogo.

"Umewavalisha makoti," alisema Vitus. Halikuwa neno la utani. "Barafu ilivumilia mpaka kambini, kweli. Usiku nikaweka samaki humo pamoja na barafu na hizo pumba zako. Asubuhi vyote vilikuwa uji." Alitoa simu. Fausta alimsikia akiongea nje, karibu na choo cha uani. "Beatus? Jumatatu alfajiri nipitie. Ndiyo. Nimeamua."

Fausta alikwenda jikoni ili asionekane akilia. Uji wa Hilari ulikuwa unachemka. Alichukua kitambaa kilichokuwa karibu, akashika sufuria kuiepua. Aliruka. Sufuria nusura imponyoke. Kitambaa kilikuwa kibichi, na joto lilikuwa limepenya na kumchoma vidole.

"Unashika sufuria kwa kitambaa kibichi?" Bi Apolonia alimgombeza. "Wewe msichana wa jana?"

Kila mwanamke anajua hilo. Sufuria inashikwa kwa kitambaa kikavu. Fausta naye alilijua tangu hajaota meno ya ukubwa. Lakini sasa alisimama katikati ya jiko, vidole mdomoni, akajiuliza kwa nini.

"Mama," alisema, "kitambaa kikavu kina nini ambacho kibichi hakina?"

"Kina ukavu."

"Kina hewa! Nesi alisema hewa iliyotulia ndiyo inachelewesha joto. Kikilowa, hewa inatoka na maji yanakaa mahali pake. Chembe za maji zimesongamana, zinapokezana joto upesi. Mama, pumba zetu zililowa! Zilikuwa kitambaa kibichi!"

Bi Apolonia alimtazama mkwe wake. Kisha alitazama ndoo iliyomwagwa uani. "Basi zisilowe," alisema. "Tenganisha."

Jumamosi asubuhi na mapema wanawake wale wawili walifanya kazi. Walichukua ndoo kubwa ya plastiki. Chini walimwaga pumba kavu zilizokuwa zimebaki kwenye kiroba, wakazishindilia kidogo. Juu yake walisimamisha ndoo ndogo. Nafasi iliyobaki kati ya ndoo na ndoo waliijaza pumba kavu pande zote. Kisha walifunika nafasi hiyo kwa nailoni na kuifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, ili hata tone la maji lisipite. Bi Apolonia alishona mto mdogo wa kiroba, akaujaza pumba, akauviringisha nailoni. Huo ulikuwa wa kuwekwa juu ya mfuniko.

Vitus aliutazama mzigo ule. "Hii nini sasa?"

"Ndoo iliyovaa blanketi," alisema Fausta. "Samaki na barafu vitakaa ndani, pumba zitakaa nje. Ukifika kambini, usifunue kuangalia. Kila ukifunua, unalikaribisha joto. Ukipata samaki, watumbue, waoshe, uvunje barafu uipange: barafu, samaki, barafu, samaki. Kisha funika mpaka nyumbani."

"Mama Hilari, nimeshampa Beatus neno langu."

"Najua. Umeniachia Jumamosi na Jumapili. Nipe hizo."

Vitus alimtazama mkewe kwa muda. Akaufunga mzigo kwenye kariya, akaondoka. Fausta hakuwa na hamu ya chakula siku hiyo. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Bi Apolonia naye alikuwa na jambo lake. Jumapili kabla ya misa alichemsha maharage mpaka yakatokota vizuri. Kisha, badala ya kuongeza mkaa, aliyafunika na kuitumbukiza sufuria ndani ya kikapu alichokuwa amekijaza pumba na matambara.

"Unafanya nini, mama?"

"Nesi alisema kazi ni ile ile. Kama joto linachelewa kuingia, basi na kutoka litachelewa. Nataka kuona."

Waliporudi kutoka kanisani, Bi Apolonia hakuvua hata kitambaa cha kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu. Mvuke ulimpiga usoni. Alibonyeza harage moja, likapondeka kati ya vidole. Mkaa haukuwa umetumika tena hata kipande. Alilitafuna lile harage taratibu, huku macho yamemtoka, kisha akawaita majirani waje waone.

Majirani walikuwa bado wamezunguka kikapu Vitus alipoingia. Alikuwa na vumbi, anatokwa jasho. Alishusha ndoo. Watu wote walisogea. Vitus akaondoa mto na kufungua mfuniko.

Barafu ilikuwepo. Ilikuwa imepungua, lakini vipande vyake vilikuwa vinang'aa kati ya perege. Fausta alimtoa samaki mmoja. Macho yake yalikuwa angavu. Alifunua mashavu yake, na matamvua ya ndani yalikuwa mekundu. Alimnusa. Alinusa harufu ya mto tu.

"Jana jioni kambini walinicheka," Vitus alisema. "Leo asubuhi, nilipofungua kutia samaki, walipanga foleni kugusa barafu."

Fausta alipeleka samaki sokoni, na hakukaa hata akafukuza inzi. Samaki waliisha. Mama mmoja mwenye mgahawa alimuuliza kama kesho kutwa atakuwa na wengine kama hao. Fausta alifungua mdomo kujibu, kisha akakumbuka Jumatatu. Alisema, "Tukijaliwa."

Jioni Vitus alikula, akacheza na Hilari, akalala mapema. Kuhusu Beatus hakusema. Fausta hakuuliza. Aliogopa jibu. Neno la mwanaume likishatoka ni gumu kulirudisha, na mumewe hakuwa mtu wa kubadilika badilika. Aliiosha ndoo, akaianika, akaiweka nyuma ya mlango wa jiko.

Jumatatu alipoamka, kulikuwa ndiyo kunapambazuka. Alipapasa upande wa pili wa kitanda. Hapakuwa na mtu. Alitoka uani. Baiskeli haikuwepo. Kwa hiyo amemfuata Beatus bila hata kuaga, aliwaza, na machozi yakaanza kumlengalenga. Aliingia jikoni kuwasha moto kwa sababu mtoto lazima ale, baba awepo asiwepo. Alifunga mlango ili apate ukuni uliokuwa nyuma yake.

Alisimama hapo muda mrefu, anatazama nafasi tupu kando ya ukuni.

"Hodi!" mtu aliita nje.

Alikuwa Beatus, ana begi mgongoni na panga limeviringishwa kwenye kiroba. "Shemeji, za asubuhi. Vitus yuko tayari? Gari linatusubiri."

"Hayupo, shemeji."

"Ametangulia? Tumekubaliana nimpitie hapa!"

"Hata mimi hakuniaga," Fausta alisema, na sasa machozi yalikuwa yanatiririka naye anacheka. "Ila amechukua ndoo."